Miwani yenye kamera mbele za watu: namna ya kuivaa, kuivua na kujibu unapoulizwa

Miwani yenye kamera haitambuliki kwa mbali. Ray-Ban Meta, iliyoanza kuuzwa mwaka 2023, ina umbo lilelile la miwani ya jua ya kawaida: lenzi ya kamera imekaa kona ya juu ya fremu, na kona ya upande wa pili ipo taa ndogo nyeupe inayowaka unapopiga picha au kurekodi. Taa hiyo ndiyo inayotegemewa kuwajulisha walio mbele yako, na haitoshi. Toleo lililotangulia lilipotoka mwaka 2021, mamlaka za faragha za Ireland na Italia zilihoji kama taa ndogo kiasi hicho inamjulisha mtu kweli. Hapa kwetu, kwenye jua la saa saba mchana, aliye ng'ambo ya barabara haioni, na akiiona hajui maana yake. Wapo pia wanaoiharibu kwa makusudi, hivyo hata anayeijua hana sababu ya kuiamini.

Mpiga picha wa harusi husimama mbele ya ukumbi mzima na hakuna anayenung'unika, kwa sababu kila mtu anamwona na anajua amekuja kufanya nini. Ukivaa miwani hii, kazi yako ni kuwa wazi kama yeye.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kitufe cha kupigia picha kiko juu ya mkono wa kulia wa fremu, palepale vidole vinaposhika unapoiweka sawa usoni. Picha nyingi za bahati mbaya hutokea hapo, na mtu akiona taa imemulika hataamini kwamba hukukusudia. Jizoeze kuishika miwani kwa chini, au kwa mkono wa kushoto. Zima pia amri ya sauti kwenye programu yake ya simu kama huitumii.

Kisha zima mambo mawili: picha kuhamia simuni zenyewe, na simu kuzipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni bila wewe kuamua. Mwishowe, nyima programu hiyo ruhusa ya kujua mahali ulipo, ili picha isibebe alama ya nyumba ya mtu.

Kama lenzi zako ni za namba ulizopimiwa na daktari wa macho, beba miwani ya kawaida yenye namba hizohizo. Wavaaji wengi hugombana na walinzi na wauguzi kwa sababu hii tu: wanaambiwa vua, nao wakivua hawaoni.

Kuomba ruhusa

Omba kabla ya kubonyeza, na utaje mambo matatu: kwamba miwani ina kamera, unataka kurekodi nini, na video itaenda wapi. "Shikamoo mama. Miwani hii ina kamera. Naomba kurekodi mikono yako tu unavyosuka ukili, video nitaiweka YouTube. Ukikataa ni sawa." Watu husahau kutaja jambo la tatu, ingawa ndilo linaloleta ugomvi baadaye. Aliyekubali kurekodiwa hajakubali kurushwa mtandaoni.

Ukinyamaziwa, hesabu kuwa umekataliwa. Mtu mzima anayekuheshimu anaweza kucheka kidogo na kugeuza uso badala ya kukwambia hapana. Mtoto huombewa kwa mzazi au mlezi wake, hata akikurukia mwenyewe akitaka kupigwa picha.

Ndani ya daladala au matatu ruhusa haipatikani: abiria wanapanda na kushuka, na kamera inaona pana kuliko unavyodhani, pamoja na jirani uliyegusana naye bega. Usirekodi humo.

Mahali pa kuivua

Choo, chumba cha kubadilishia nguo, saluni ya wanawake, hospitali, benki, mahakamani, msikitini, darasani. Katika sherehe za wanawake za pwani, ambako mabuibui huvuliwa kwa sababu wamehakikishiwa kwamba hakuna jicho la nje, miwani hii haina nafasi kabisa, hata ikiwa imezimwa. Anayeiona hana namna ya kujua kama imezimwa.

Kuivua maana yake ni kuikunja na kuifungia kwenye kasha lake. Ukiipandisha kwenye paji la uso au kuining'iniza kifuani, lenzi bado inawatazama watu.

Mtu akikuuliza, "Unanirekodi?"

Simama. Ivue, ikunje, shika lenzi ikitazama chini. Halafu jibu swali lenyewe, bila kuanza kusifia teknolojia na bila kusema "hapa ni barabarani": "Ndiyo, samahani kaka, nilikuwa narekodi mtaa na wewe umo. Naifuta sasa hivi, njoo uone." Kama hukuwa unarekodi, mwonyeshe taa ilivyo inapowaka, ukielekeza kamera ukutani. Usicheke, kicheko kinachukuliwa kuwa dharau. Watu wakianza kukusanyika, ingia dukani au nenda kwa mlinzi, mazungumzo yaendelee pale.

Kufuta kuna hatua zake, na hapa wengi huaibika mbele ya aliyelalamika. Video hukaa kwenye kumbukumbu ya miwani hadi ihamishwe kwenye simu, kwa hiyo kwanza ihamishe, jambo linaloweza kuchukua dakika kadhaa. Ifute ndani ya programu ya miwani. Fungua picha za simu, ifute na huko. Kisha ingia kwenye pipa la vilivyofutwa ukaimalize: iPhone huhifadhi kilichofutwa hadi siku 30, na Google Photos huhifadhi siku 60 kama kilishapelekwa mtandaoni. Mwache mwenyewe atazame pipa likiwa tupu.

Kabla ya kurusha

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Data wa Kenya aliipiga klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Video ya kutazamwa na familia sebuleni ni jambo jingine. Ukiirusha kwa umma, umetoka nje ya mambo ya nyumbani.

Ficha sura za wapita njia. Kihariri cha YouTube Studio kinafifisha nyuso kwenye video, na Signal, programu ya kutumiana ujumbe, inafanya hivyo kwenye picha. Itazame video yote baada ya kufifisha, maana uso uliogeuka upande au uliofunikwa nusu huponyoka. Sikiliza sauti pia: vipaza sauti vya miwani hunasa majina, namba za simu na maongezi ya meza ya jirani. Ukiwa na shaka, ondoa sauti yote.

Kwa wenye ukumbi

Tangazo la "hairuhusiwi kupiga picha" halitoshi, kwa sababu mtu huliona la simu tu. Andika: "Miwani yenye kamera ivuliwe mlangoni." Weka mtu wa kuipokea na kuipa namba, kama mikoba inavyopokewa. Asiye na miwani nyingine ya kusomea, mfunikeni lenzi ya kamera kwa karatasi ya kunata isiyoacha gundi. Msifunike taa peke yake.

Muulizeni mtu kabla ya kumzuia. Wasioona wameanza kuitumia miwani hii pamoja na huduma ya Be My Eyes, ambapo mtu wa kujitolea hutazama kupitia kamera na kuwaelekeza. Mgeni wa namna hiyo mpeni mwenyeji wa kumshika mkono kwanza, ndipo mwombe miwani yake.