Namna ya Kujenga Taaluma ya Utafiti wa Jamii za Wadukuzi

Anayetaka kuwa mwanasosholojia wa utamaduni wa intaneti na achague kwanza jamii moja, kisha akae nayo kwa muda mrefu. Gabriella Coleman, ambaye ni mwanaanthropolojia lakini anasomwa sana na wanasosholojia, alikwenda San Francisco kuwachunguza watengenezaji wa programu huria (programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha), hasa wa Debian, mradi wa watu wa kujitolea wanaotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta; hao nao huitwa wadukuzi, kwa maana ya mafundi wa msimbo na si wahalifu; akatunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2005. Kitabu kilichotokana na utafiti huo kilitoka mwaka 2013. Jipangie subira ya namna hiyo.

Debian ni uwanda mzuri wa kuanzia, kwa kuwa sehemu kubwa ya mijadala yake imehifadhiwa hadharani, na mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anaweza kuisoma bila nauli. Hata hivyo, maandishi pekee hayatoshi. Anayeomba kuwa mtengenezaji rasmi hutakiwa kuwa na ufunguo wa kidijitali, yaani faili la kuthibitisha utambulisho wake, uliothibitishwa na wanachama wengine, ambao kwa desturi hukutana naye ana kwa ana, na ndiyo maana mkutano wao wa kila mwaka una uzito usioonekana kwenye skrini. Jifunze pia kuandika programu, walau kiasi cha kuelewa kwa nini watu wazima wanabishana wiki nzima kuhusu mistari michache ya msimbo, kwani mabishano hayo ndiyo yanayofichua maadili ya jamii yenyewe.

Suala la kuwalinda watafitiwa ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Kibali cha utafiti, ambacho Tanzania hutolewa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na Kenya na tume ya sayansi, NACOSTI, hakikupi kinga mbele ya sheria za makosa ya mtandao, yaani ile ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018. Kwa hiyo usiombe kuonyeshwa uvamizi wa mfumo wowote, usihifadhi majina halisi usiyoyahitaji, na uyasimbe madaftari yako, yaani uyafunge kwa msimbo wa siri, tangu siku ya kwanza. Kumbuka kwamba jina la mtandaoni ambalo mtu amelitumia kwa miaka mingi humtambulisha sawasawa na jina la kuzaliwa, na kwamba sentensi uliyoinukuu neno kwa neno hutafutwa na kupatikana kwa sekunde chache. Kwa hiyo badilisha jina na uyaeleze maneno yake kwa maneno yako mwenyewe, isipokuwa mwenyewe ameridhia kutajwa.

Unapotafuta ajira, usisubiri idara ya sosholojia itangaze nafasi ya udukuzi. Coleman alifundisha masomo ya vyombo vya habari New York, akahamia Chuo Kikuu cha McGill, kisha idara ya anthropolojia ya Harvard. Sherry Turkle, aliyesomea sosholojia na saikolojia, alijenga kazi yake katika chuo cha teknolojia cha MIT, kwenye masomo ya sayansi, teknolojia na jamii. Andika maombi yako kwa kutanguliza swali pana unalolijibu, liwe la kazi, la faragha au la mamlaka ya dola, kisha ueleze kwa nini wadukuzi ndio wanaolijibu vizuri zaidi.