SOMO: Kupanga paneli ya chumba cha kuendeshea injini za meli (someni kabla hamjakata bati)

Wakuu, swali la swichi na geji zikae wapi kwenye paneli nimejibu inbox mpaka nimechoka, sasa naliandika hapa mara moja. Na mnaouliza Dodoma na meli wapi na wapi, karakana iko Kizota, paneli zinapanda lori mpaka Mwanza, na kabla ya kuhamia huku nimekaa sana zamu za chini melini.

1. Ongea na anayekaa zamu, sio bosi peke yake.

2. Anza na kiti. Mkalishe mtu, swichi za kila saa azifikie bila kuinuka.

3. KUSHOTO KUWE KUSHOTO. Hapa niliharibu. Meli ya injini mbili, nikapanga swichi za injini ya kushoto (kushoto ukiangalia mbele ya meli) upande wa kushoto wa paneli, ila sikuuliza paneli itaangalia wapi. Ikafungwa fundi akiitumia anaangalia tezi (nyuma ya meli), yaani kaipa omo (mbele) mgongo, injini ya kushoto iko mkono wake wa kulia. Siku ya majaribio, tuko gatini, presha ya oili injini ya kushoto ikashuka, kijana akaiona dirishani iko kulia kwake akabonyeza stop ya kulia, akazima injini isiyo na shida na ile mbovu ikaendelea kusaga beringi. Akasemwa yeye wakati kosa ni langu, mpaka leo linaniuma.
Kwa hiyo chora paneli kwenye boksi, saizi halisi, libandike palepale itakapofungwa, zima taa, mwambie mtu "zima ya kushoto!" uangalie mkono unaenda wapi. Akisita tu, chora upya.

4. Alamu: nyekundu ni chukua hatua sasa hivi, njano tahadhari. Zikilia zote sauti moja mtu atazinyamazisha tu.

5. Kelele: kwa meli mpya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) wanataka isizidi desibeli 75 humo ndani. Mlango usioziba ni kazi bure.

MASWALI

Fundi_Kondoa: mkuu nipe vipimo kwa kifupi
– Hatua ya 2. Pima mtu wako.

Fundi_Kondoa: ila hiyo ya kushoto kulia si asome lebo?
– Lebo zilikuwepo. Mtu akibanwa na dharura hasomi.

Kijana wa Udom: shikamoo fundi, kwanini wasiweke tachi skrini tu?
– Marahaba, swali zuri. Agosti 2017 manowari ya Marekani John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia 10 wakafa. Walikuwa wanahamisha usukani na mwendo kwenye skrini, wakadhani usukani umekufa, halafu wakapunguza mwendo wa shafti moja ya propela wakijua ni zote mbili. Baadaye jeshi lao likaamua kurudisha mikono ya kushika. Mkono unajua ulichoshika hata macho yakiwa kwingine.

Mama Chamwino: mimi nina pampu mbili za kisima, jua linapiga geji sioni kitu
– Dada, huku jua halina huruma. Vioo vya mbele vya nahodha huinamishwa nje kwa juu, digrii 10 mpaka 25, ili mwanga wa ndani usimrudie machoni. Wewe geuza paneli ubavu kwa dirisha, bati upake rangi isiyong'aa. Na fanya ile ya boksi.

Msukuma_Mpwapwa: stop ya dharura iwekeeni mfuniko, wangu aliigonga na kiwiko
– Kweli kabisa. Ila ujaribu kuufungua ukiwa na glovu.

Mama Chamwino: nimebandika boksi, nikamwambia mlinzi zima namba 1, kaenda namba 2!
– Afadhali kagusa boksi. Chora upya, nitumie picha leo.