SOMO: Jinsi ya kuanzisha mchango wa vifaa vya usafi kwa wanafunzi na familia zenye uhitaji

Habari zenu wadau. Nimeona wengi hapa wana moyo wa kusaidia ila hawajui waanzie wapi, mtu akisikia kuna mabinti wanakosa shule kwa sababu ya kukosa pedi anakimbilia kuchangisha, ananunua maboksi, anapiga picha na wanafunzi halafu basi, mwezi unaofuata yule binti anaingia tena kwenye siku zake na hana kitu. Kwa hiyo kabla ya yote lishikeni hili, kidogo kinachofika kila mwezi ni bora kuliko maboksi ya siku moja.

HATUA YA 1: Uliza kwanza, usinunue kitu
Ongea na matroni au mwalimu wa malezi, hao ndio wanajua nani anaomba ruhusa kila mwezi na nani anakaa peke yake nyuma ya darasa. Kwa upande wa familia muone mhudumu wa afya wa jamii au viongozi wa dini. Usiombe majina, omba idadi tu: mabinti waliovunja ungo wangapi, watoto wadogo wangapi, familia ngapi na kila moja ina watu wangapi.

HATUA YA 2: Piga hesabu kwa mtu, sio kwa boksi
Hapa ndo wengi wanafeli. Pedi inabadilishwa kila baada ya saa 4 mpaka 8, yaani 3 mpaka 5 kwa siku, hedhi ikienda siku 5 hapo ni pedi 15 mpaka 25. Sasa wewe umempa pakiti moja ya pedi 8, umemsaidia siku mbili, zilizobaki atakaa na pedi moja kutwa nzima mpaka apate michubuko au atabaki tu nyumbani. Mimi nasema heri mabinti 10 wapate za kutosha kuliko 30 wapate nusunusu.

Halafu kuna kitu karibu kila mtu anasahau, chupi. Pedi inabandikwa kwenye chupi, kama binti hana chupi nzima ile pedi ataiweka wapi? Weka angalau mbili mbili na saizi tofauti.

Vingine ni mswaki (kila mtu wake, ubadilishwe kila miezi 3 au 4), dawa ya meno yenye floraidi, sabuni ya kipande maana haimwagiki kwenye begi na inakaa kuliko ya maji, na sabuni ya kufulia. Wembe ukiweka hakikisha kila mtu ana wake, kuchangia wembe kunaambukiza homa ya ini na virusi vya ukimwi.

HATUA YA 3: Stoo
Pakavu, juu ya meza au mbao, pedi mbali na sabuni zenye harufu kali. Daftari moja la kilichoingia na kilichotoka, wasaini watu wawili. Basi.

HATUA YA 4: Kugawa
Hii ndo roho ya kazi yote. Usimpange mtoto mstari mbele ya wenzake. Mifuko yote ifanane, isionyeshe ndani, ya wavulana na ya wasichana rangi moja. Shuleni pia acheni vifuko vya dharura kwa matroni, ndani pedi 2, chupi safi, kipande kidogo cha sabuni na mfuko mweusi wa kuwekea iliyotumika, binti anachukua anaenda zake bila kujieleza wala kuandika jina. Picha za watoto hapana kabisa, mfadhili akitaka ushahidi mpigie picha daftari na stoo.

HATUA YA 5: Rudi
Mwezi ujao nenda tena na uulize kipi kimeisha mapema na kipi hakijaguswa, kisha rekebisha listi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kwanini tusigawe pedi za kufua au vikombe vya hedhi (vile vya mpira laini vinavyowekwa ukeni kukinga damu), si ndo nafuu?
Jibu: Inategemea maji dada yangu. Pedi ya kufua inasuuzwa kwa maji baridi kwanza (ya moto yanagandisha doa), halafu sabuni, halafu inaanikwa juani ikauke kabisa, sasa binti anayeona aibu kuianika ataificha chini ya godoro na ataivaa mbichi. Kikombe nacho kinataka kuchemshwa na mikono safi kila unapokigusa. Wape wale waliochagua wenyewe na wakaelekezwa, usigawe kwa wote kwa mkupuo.

Swali: Mkuu, tupokee vitu vilivyokwisha funguliwa?
Jibu: Hapana, hasa pedi, miswaki na mafuta ya kupaka. Shukuru, ila usigawe.

Swali: Nyumba moja tumeambiwa wanauza sabuni tunazowapa, tuwaondoe?
Jibu: Msiwaondoe. Mtu akiuza sabuni ujue kuna njaa ndani, waunganisheni na wanaosaidia chakula. Vifaa vya mtoto mpeni shuleni kidogo kidogo.

Swali: Sisi tulianza vizuri, mwezi wa tatu hela ikakata. Tufanyeje?
Jibu: Tafuteni watu wachache wa kuahidi kiasi kidogo kila mwezi, hao ndo nguzo, na siku zote stoo iwe na mzigo wa mwezi mmoja mbele. Michango mikubwa huwa inakuja kwa misimu, mfano Siku ya Hedhi Salama Duniani Mei 28 na ile ya kunawa mikono Oktoba 15, ikija msigawe yote siku hiyo hiyo, ingizeni stoo muigawanye kwa miezi. Na kama bado haitoshi punguzeni idadi ya shule, msipunguze pedi za binti mmoja.