Ukienda kuona makanisa ya zamani ya Bretagne, usikimbilie ndani

Wengi wakifika kwenye zile parokia za zamani za Finistère, kule Bretagne magharibi kabisa mwa Ufaransa, wanashuka kwenye gari, hao mpaka mlangoni, picha mbili tatu za altare yenye dhahabu, dakika kumi wameshaondoka. Mi mwenyewe siku ya kwanza pale Guimiliau nilifanya hivyohivyo, nikapita pembeni ya kitu cha maana kuliko vyote nikidhani ni mapambo tu ya makaburini. Kwa hiyo nakupa njia moja rahisi ya kuyaangalia: pita alikopitishwa marehemu.

Maana huku kanisa sio jengo moja. Ni kiwanja kizima kimezungushiwa ukuta, kuna lango, kuna kalvari (jukwaa la mawe lenye msalaba na sanamu za hadithi ya Yesu), kuna nyumba ya mifupa, kuna makaburi (sehemu nyingine yameshahamishwa), afu ndo kanisa lenyewe. Wafaransa wanaita enclos paroissial.

Anzia langoni. Lango la Sizun, la miaka ya 1580, lina matao matatu, utadhani kuna jemadari wa Kirumi anarudi na nyara, kumbe ni kijiji tu cha wakulima na aliyekuwa anapokelewa kwa fahari yote hiyo ni mtu kwenye jeneza. Kwenye njia nyingine za kuingilia unaweza kukuta jiwe bapa limesimamishwa wima chini, inabidi unyanyue mguu ndo upite, hilo ni la kuzuia mifugo isiingie makaburini. Mi lilinikwangua ugoko kwa sababu nilikuwa naangalia juu.

Sasa wakulima walipata wapi hela zote hizo? Kitani. Karne ya 16 na 17 watu wa Léon, yaani kaskazini mwa Finistère, walilima kitani, wakafuma vitambaa, vikapakiwa melini kupitia bandari kama Morlaix na Landerneau kwenda Uingereza na Hispania, na wale wakulima wafanyabiashara waliotajirika wakaitwa julod. Na hakuna parokia iliyokubali kupitwa na jirani. Guimiliau wakachonga kalvari yao 1581 mpaka 1588, sanamu kama 200, basi Saint-Thégonnec ambao wako kilomita chache tu wakaja na ya kwao 1610. Kwa hiyo kila ukiona mwaka umechongwa kwenye jiwe usome, kidogo kidogo unaanza kuusikia ule ushindani.

Kwenye kalvari ndo ukae muda mrefu. Izunguke yote, na usitegemee hadithi iende moja kwa moja kutoka hori mpaka ufufuko, pale Guimiliau matukio yamechanganywa na askari wamevaa nguo za enzi za wachongaji wenyewe. Mtafute Katell Kollet, yule mwanamke aliye uchi anayevutwa na mashetani kwenye mdomo wa jehanamu. Wanasimulia alikuwa binti anayependa kucheza ngoma kupita kiasi, akaficha dhambi kwenye kitubio, mwishowe akaiba hostia ampelekee shetani. Sasa fikiria uko kijana umetoka kwenye ngoma Jumamosi, Jumapili unapishana naye ukienda misani! Na Saint-Thégonnec cheki kwenye kile kitundu cha chini, utamuona mtakatifu wao na mkokoteni unaovutwa na mbwamwitu, kwa sababu mbwamwitu alimla mnyama wake basi akafungwa yeye kazi iendelee. Naipenda hiyo kuliko altare zote.

Utashangaa pia mbona nyuso bado kali hivi baada ya miaka 400. Ni jiwe la Kersanton, jeusijeusi, linatoka pembeni ya ghuba ya Brest, likichimbwa ni laini linachongeka vizuri afu linazidi kuwa gumu kadiri linavyokaa hewani. Granaiti ya kawaida ni rangi nyepesi, chembe zake kubwa, haishiki kope wala mikunjo ya kola. Weka macho karibu uzilinganishe, tofauti unaiona mwenyewe.

Halafu nyumba ya mifupa. Makaburi yalikuwa machache, kwa hiyo waliozikwa zamani walifukuliwa ili wapya wapate nafasi, mifupa ikahamishiwa humu. Ya La Martyre ni ya 1619 na ina maandishi ya Kibretoni yanayotaja kifo, hukumu na jehanamu ya baridi. Baridi, sio moto! Ukisimama pale kwenye upepo na manyunyu utawaelewa. Ya La Roche-Maurice ina Ankou, yaani kifo chenyewe, ameshika mshale na pembeni pameandikwa kwa Kifaransa "nawaua nyote".

Baada ya hapo ndo uingie, kupitia ukumbi wa mlango ambao mara nyingi uko upande wa kusini, una mitume 12 na mabenchi ya mawe walipokuwa wanakaa wazee wa parokia kujadili hela. Ndani inua shingo kwanza. Dari ni la mbao kama mtumbwi uliopinduliwa, boriti zinazokatiza zimechongwa midomo ya majoka inayozimeza huku na huku, na juu ya kuta kuna mbao zenye sura za vichekesho ambazo sijui padri alizionaje. Darubini ndogo inasaidia sana. Saint-Thégonnec ujue moto uliliunguza kanisa 1998 na ukarabati ulichukua miaka, kwa hiyo usishangae ukiona rangi mbichimbichi.

Malizia Lampaul-Guimiliau. Kuna chombo cha maji ya baraka chenye mashetani wawili wanajinyonganyonga kwa sababu maji yanawaunguza, na ile boriti iliyobeba msalaba inayokata kanisa katikati ni ya kutazama mbele na nyuma. Ukitoka geuka uangalie mnara: umekatika juu. Radi iliupiga 1809, hela za kitani zilikuwa zimeshaisha kitambo, na mpaka leo hakuna aliyeurudishia ncha.