Kuonyesha "How the West Was Won" uwanjani: kitambaa, sauti na mtafsiri

Filamu hii ya mwaka 1962 inafuata familia ya Prescott na vizazi vyake wakihamia magharibi ya Marekani, kwanza kwa mto, kisha kwa magari ya kukokotwa, mwisho kwa reli. Kama unataka kuionyesha Lindi, Masasi au Mikindani, jua hili kabla hujakodi chochote: ni pana kuliko filamu nyingine zote ulizozoea. Ilipigwa kwa Cinerama, yaani kamera yenye lenzi tatu na mikanda mitatu, ikaonyeshwa kwa projekta tatu kwenye pazia lililopinda. Upana wa picha ni mara 2.89 ya kimo chake, wakati kioo cha televisheni ni mara 1.78 tu. Ukiiweka kwenye televisheni ya kibanda umiza, watu wataona utepe mwembamba katikati ya weusi. Kwa hiyo itafutie kitambaa chake.

Picha ya upana wa mita 4 ina kimo cha sentimita 138. Hapo una bahati, maana shuka nyeupe ya pamba nzito yenye upana wa sentimita 150 inatosha ikilazwa, bila mshono wowote katikati. Nunua mita 4 na nusu. Fundi cherehani akunje pindo la sentimita 4 juu na chini, kisha ashonee kaniki nyuma yote. Shuka tupu hupitisha mwanga na picha hufifia. Kaniki nyingine, sentimita 45 juu na 45 chini ya shuka, inameza ule mwanga wa kijivu ambao projekta hutupa mahali panapopaswa kuwa peusi. Watu wengi huiacha hatua hii, na ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko kukodi projekta ya bei mbaya.

Nguzo ziwe za mita 4, zichimbiwe sentimita 70, na ukingo wa chini wa shuka ukae mita 1.2 kutoka ardhini ili walio nyuma wasitazame visogo. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi inavuma pwani yetu, na kitambaa kinachoukabili upepo kitajaa kama tanga hadi nguzo zilale. Kipange kwa mstari wa kusini-kaskazini, uso ukitazama mashariki: upepo unapita ubavuni na wekundu wa machweo hauangukii picha. Anza saa 1:30 usiku. Filamu ina dakika 164, na ukiongeza mapumziko yake ya katikati mtamaliza baada ya saa 4.

Projekta ya lumeni 3000 (kipimo cha nguvu ya mwanga) inatosha. Yenye kipimo cha umbali cha 1.5, yaani umbali wake ni mara moja na nusu ya upana wa picha, ikae mita 6 kutoka kwenye kitambaa, juu ya meza ya kimo cha kutosha usilazimike kuiinamisha, maana ikiinama picha inapanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine. Usikubali mtu abonyeze "zoom" ili picha ijae juu na chini. Itakata zaidi ya theluthi moja ya upana, na waigizaji wa pembeni watabaki sauti tu. Watazamaji wasikae zaidi ya mita 11 nyuma. Kimo cha picha ni kidogo, nyuso hazitaonekana.

Tafuta nakala iliyosafishwa. Kwenye zile za zamani mistari miwili ya maungio ya mikanda inaonekana wazi, theluthi ya kwanza na ya pili, na watu hudhani shuka imekunjamana. Hata kwenye nakala nzuri, reli au ukingo wa mto hujipinda pale kwenye maungio, na wahusika wawili wanaoongea huonekana hawatazamani sawasawa. Hiyo ni kamera ya lenzi tatu, si projekta yako. Waambie watu mapema.

Sauti ndiyo inayoharibu maonyesho mengi. Mazungumzo ya filamu hii huhama kumfuata msemaji, kushoto, katikati, kulia. Ukichomeka spika moja kwenye tundu la kushoto, nusu ya maneno inapotea. Kwenye mashine ya kuchezea filamu chagua stereo, yaani sauti ya pande mbili, badala ya 5.1, ambayo ni ya spika sita, halafu unganisha pande zote mbili kwenye miksa, mashine ya kuchanganya sauti. Maiki ya mtafsiri, anayewaeleza watu filamu kwa Kiswahili papo hapo, iwe na njia yake kwenye miksa, ili ashushe filamu anapoongea na kuipandisha nyimbo zinapoanza. Mwanzoni kuna muziki mrefu kabla ya hadithi. Aitumie nafasi hiyo kutaja Eve na Lilith, mabinti wa Prescott, na Linus, mwindaji wa wanyama wa manyoya.

Mtafsiri aitazame filamu yote mapema, hasa sehemu ya reli. Pale Waarapaho, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, wameahidiwa kwamba ardhi yao ya kuwindia haitaguswa, na bosi wa reli, Mike King, anavunja ahadi. Ndipo wanapowakurupusha nyati kuelekea kambi ya wajenzi. Mtafsiri anayewaita "maadui" tu amewanyima watu sababu ya tukio kubwa kuliko yote, na watazamaji wanaojua maana ya ardhi kuchukuliwa wataielewa haraka akiwaambia ukweli.

Jenereta ya kVA 2 inabeba projekta, mashine na spika bila kuhema. Iwe mita 30 mbali, upande upepo unakoelekea, kwa waya wa milimita 2.5 uliofukiwa au kuinuliwa watoto wasijikwae. Jaza tangi kabla ya kuanza. Usimimine petroli injini ikiwa ya moto. Filamu bado ina mwenyewe, basi pitia kwa afisa utamaduni wa halmashauri kuhusu kibali mapema. Ikiisha, zima projekta kwa kitufe na usubiri feni inyamaze ndipo uzime jenereta. Taa inayokatiwa umeme ikiwa bado ya moto haidumu, na bei ya taa mpya inauma.