Somo: Kuunda profaili ya gogo kwenye Archicad (programu ya kuchora majengo) kabla ya kuchora nyumba ya magogo

Mchoro wangu wa kwanza wa nyumba ya magogo ulirudi kutoka kiwandani ukiwa na alama moja tu ya kalamu nyekundu: kimo cha ukuta kilikuwa kimezidi kwa 252 mm. Kozi, yaani safu za magogo yaliyopangwa moja juu ya jingine, zilikuwa 14, kila gogo lilikuwa na ulimi (ukingo unaochomoza juu yake) wa 18 mm, nami nilikuwa nimeuhesabu ulimi kama sehemu ya kimo, ilhali gogo likishapachikwa, ulimi huo humezwa wote na mfereji wa gogo la juu yake. Somo hili linaeleza namna ya kuunda profaili, yaani umbo la mkato wa gogo, ili kosa la aina hiyo lisipate pa kuanzia. Mfano wetu ni gogo la paini lililorandwa kwa mashine, la aina inayotumika sana Finland, lenye upana wa 134 mm na kimo cha kozi cha 195 mm.

Hatua ya 1. Omba mkato wa gogo kutoka kwa kiwanda kitakachochana mbao, katika faili la mchoro wa kompyuta la DXF au DWG, na usiuchore kwa kukisia kutoka kwenye picha ya tangazo. Ukishaufungua, pima kutoka bega la chini hadi bega la juu, yaani pale magogo mawili yanapokaliana. Hicho ndicho kimo cha kozi, na ndicho pekee kitakachoingia kwenye hesabu za ukuta. Kimo chote pamoja na ulimi kina kazi yake kwenye mashine ya kuranda, si kwako.

Hatua ya 2. Fungua Profile Manager, dirisha la Archicad la kuundia profaili, anzisha profaili mpya na uiruhusu itumike kwa boriti. Wengi huchora mkato wa ukuta mzima, kozi zote 14 zikiwa profaili moja, kwa sababu ukuta hujengeka kwa mbofyo mmoja. Kwa michoro ya kuombea kibali hilo linatosha. Hata hivyo, kiwanda kitakapohitaji orodha ya magogo, kila moja na urefu wake, ukuta wa namna hiyo hautakupa jibu, kwa kuwa programu inaona kitu kimoja tu. Mimi huchora kila gogo kama boriti yake tangu mwanzo, ingawa kazi ya siku ya kwanza huwa ndefu zaidi.

Hatua ya 3. Bandika mkato ndani ya kihariri cha profaili. Mistari peke yake haifanyi umbo: inatakiwa ijazwe na kupewa nyenzo ya ujenzi (Building Material). Chagua zana ya kujaza, shikilia kitufe cha nafasi, kisha bofya ndani ya mkato, na eneo lote litajaa kwa mara moja. Lisipojaa, au likimwagika nje, kuza mchoro kwenye skrini hadi uzione vizuri pembe za ulimi, kwani mara nyingi utakuta mistari miwili imekaribiana bila kugusana, kwa pengo dogo lisiloonekana ukiwa mbali. Ziunganishe ncha hizo, kisha ufute mistari iliyobaki. Hakikisha pia kuwa mfereji ni mpana kuliko ulimi, kwa sababu utepe wa kuzuia upepo unahitaji mahali pa kukaa.

Hatua ya 4. Hii ndiyo hatua iliyoniponza. Mstari wa rejeo wa boriti, yaani ule ambao programu huutumia kuiweka boriti mahali pake, hupita kwenye kitovu cha kihariri (pale vipimo vinapoanzia sifuri), kwa hiyo usogeze mkato wote mpaka kitovu kiwe katikati ya upana, kwenye usawa wa bega la chini. Ukikiweka kwenye ncha ya ulimi au katikati ya kimo, kila gogo litakalowekwa litahitaji kujumlisha na kutoa, na siku utakayosahau kutoa, nyumba itaota urefu. Kitovu kikiwa begani, kozi ya kwanza inakaa 0, ya pili 195, ya tatu 390, na kuendelea.

Hatua ya 5. Nakili profaili hiyo ili upate ndugu zake watatu: gogo la chini, ambalo halina mfereji kwa kuwa linakaa juu ya msingi, gogo la juu lisilo na ulimi, na nusu gogo lenye kimo cha 97.5 mm. Nusu gogo linahitajika kwa sababu kuta zinazokutana konani hupishana kwa nusu kozi, hivyo kuta za upande mmoja huanza na gogo zima na za upande wa pili huanza na nusu. Vikato vya kona, yaani nafasi zinazochongwa ili magogo yapishane, visiingie kwenye profaili kamwe, kwa kuwa umbo la profaili hurudiwa kwa urefu wote wa gogo. Vikato hivyo hukatwa baadaye, kwa kutoa umbo moja ndani ya jingine.

Hifadhi zote nne kwenye faili la kiolezo, kisha panga kozi tatu na ukate mkato wa majaribio kabla ya kuendelea.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, profaili inaweza kuhesabu ukuta utashuka kiasi gani magogo yakikauka?

Jibu: Marahaba. Haiwezi, maana profaili ni umbo tu. Finland huhesabu kushuka kwa kati ya 10 mm na 50 mm kwa kila mita ya kimo, kulingana na aina ya gogo na unyevu wake. Chukua 30 mm: mlango wenye kozi 11 una kimo cha 2145 mm, kwa hiyo acha pengo la takriban 64 mm juu ya fremu, nalo lifunikwe kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Nguzo na bomba la moshi havishuki pamoja na ukuta. Nguzo huwekewa jeki ya skrubu ya kuteremshwa kidogo kidogo.

Swali: Magogo ya mviringo yaliyochongwa kwa mkono nayo yanafuata hatua hizi?

Jibu: Kwa michoro ya kibali, ndiyo, ukitumia wastani wa kipenyo. Zaidi ya hapo haitafaa, ndugu yangu, kwa kuwa gogo la asili ni nene shinani na jembamba kileleni, ilhali boriti ya profaili ina unene uleule mwanzo hadi mwisho. Mafundi wa kazi hiyo hupimia gogo juu ya gogo, palepale uwanjani.

Swali: Niko Mafinga, na hapa tuna paini ya Sao Hill. Naweza kutumia profaili hiihii?

Jibu: Umbo linafaa, mradi mashine yako ya kuranda ina visu vya kutoa ulimi na mfereji huo. Kiasi cha kushuka usikinakili kutoka Finland, kwa sababu mbao zinazouzwa zikiwa mbichi hupungua zaidi ya zilizokaushwa tanuruni. Kata vipande kadhaa, vipime kimo vikiwa vibichi na tena vikishakauka, kisha tumia tofauti hiyo kwenye mapengo ya milango na madirisha. Gogo la chini liinue mbali na udongo, kwani mchwa hawasomi ramani.