Masta ya kufundisha kusoma na Kiingereza: anzia darasani kwako, chuo baadae

Mwalimu ukisema tu unataka kwenda kusoma masta Marekani, swali la kwanza unaloulizwa ni chuo gani, na hapo ndo wengi tunapotea. Chuo baadae. Kwanza ujue ni kitu gani darasani kwako kinakunyima usingizi, maana kitu hicho ndo kitakuchagulia digrii, profesa, hadi hela.

Changu kilitoka kwa mwanafunzi wa fomu wani, kwetu Tanzania. Nilimpa aya fupi asome kwa sauti, akafika kwenye make akasoma "ma-ke", time akasoma "ti-me", island akasoma "i-sla-ndi". Wenzake wakacheka. Mimi nilikaa na lile jambo wiki nzima, kwa sababu yule mtoto hakuwa mzito hata kidogo, alikuwa anasoma sawasawa na alivyofundishwa tangu darasa la kwanza, ba be bi bo bu, na kwa Kiswahili herufi haikugeuki, a ni a popote utakapoikuta. Kasoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, halafu Januari moja anaambiwa baiolojia, jiografia na hesabu zote ni kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi zake zinabadilika sauti kila zikihama jirani. Nani alimfundisha kuvuka hapo? Hakuna.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujafungua tovuti ya chuo chochote. Chagua aya ya maneno kama 100, mwite mwanafunzi mmoja mmoja, weka simu ihesabu dakika 1, asome, wewe weka alama kwenye kila neno alilokosea na andika pembeni alilitamkaje. Mwisho muulize maswali mawili matatu ya kilichosemwa pale. Ukitaka kurekodi sauti omba ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi. Fanya kwa watoto 10 tu, utaona makosa yanajipanga yenyewe: kuna wanaokwama kwenye sauti za herufi, kuna wanaosoma haraka na vizuri ila hawajui wamesoma nini, na hawa wa pili ndo wanatudanganya sana maana tunawasifia.

Ukishakuwa na hilo daftari, sasa ndo angalia programu. Zinafanana majina ila haziko sawa. English Language Arts kule Marekani ni somo la kawaida shuleni, kusoma na kuandika na fasihi kwa watoto ambao shule yao yote ni ya Kiingereza. TESOL ni ya kuwafundisha Kiingereza wenye lugha nyingine. Literacy Education inaingia kwenye kusoma kwenyewe, mtoto anajifunzaje, anakwama wapi, unampimaje. Shida ya yule kijana wangu imekaa katikati ya hizo mbili za mwisho, so nilitafuta sehemu ambayo ningeweza kuchukua kozi za pande zote. Halafu soma vizuri kama programu ni ya leseni, kuna masta zimejengwa kumwandaa mtu apate leseni ya kufundisha kwenye jimbo fulani la Marekani, na mazoezi yake ni kwenye shule zao. Kama unarudi nyumbani uliza kama wana njia isiyo ya leseni.

Barua ya kujieleza ndo iliniangusha mwaka wa kwanza. Nilianza na "elimu ni ufunguo wa maisha", nikamaliza na "nitalisaidia taifa langu", katikati hakuna mtoto hata mmoja. Nilikataliwa kote. Mwaka uliofuata nilianza na "ma-ke", nikaeleza watoto 10 walisomaje, nimejaribu nini, wapi kilishindikana, na nataka kujifunza nini kwa nani. Niliiandika mara 6. Na wa kukuandikia barua za mapendekezo wape hilohilo daftari na miezi miwili mbele, mhadhiri aliyekufundisha na watu 200 hawezi kukukumbuka bila msaada.

GPA, yaani wastani wa alama za digrii yako: ya kwetu ni ya 5, ya kwao ni ya 4. Usijibadilishie mwenyewe, andika 3.8 kati ya 5 kama ilivyo kwenye transkripti, chuo kitakuambia kama kinataka ipitie kwa watathmini wa vyeti vya nje kama WES. Majibu ya IELTS na TOEFL, mitihani ya kupima Kiingereza chako, yanadumu miaka 2, usifanye mapema sana. Vyuo vingi hufunga Disemba au Januari kwa wanaoanza Agosti, hivyo hesabu mwaka mzima nyuma.

Hela sasa. Masta nyingi za elimu Marekani hazina ufadhili wa moja kwa moja, PhD ndo zina zaidi. Jaribu Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, na kwa Uingereza Chevening, ufadhili wa serikali yao, hii inataka masaa 2,800 ya kazi baada ya digrii na urudi nyumbani angalau miaka 2. Ila kuna mlango walimu wengi hawaugongi: Kiswahili chenu. Vyuo kama Indiana, Wisconsin-Madison, Kansas na Ohio vimekuwa vikifundisha Kiswahili, waandikie idara ya lugha za Kiafrika uulize kama wanachukua wasaidizi wa kufundisha kutoka kitivo cha elimu. Nafasi ikiwepo, mara nyingi ada inafutwa au kupunguzwa na unapewa posho, na kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, mwisho wa kufanya kazi ni masaa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Na kama kusafiri hakuwezekani, Aga Khan pale Dar wana masta ya elimu, UDSM pia, na daftari lako linafaa kote huko.

Kama umeajiriwa serikalini usiondoke kimyakimya. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo inaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, ambatanisha barua ya udahili, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukirudi cheti chako kinapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kitambuliwe, kwa hiyo kabla hujalipa hata senti hakikisha chuo chenyewe kina ithibati huko kwao.